Vijiko Vitatu vya Mlimau

Saa saba mchana, Ibra, mwezi wa Juni.
Kipimajoto cha ukutani kimegota arubaini na saba,
na mbuzi wa jirani wamejibana nyuma ya tangi
kwenye kivuli kisichozidi upana wa kanga.
Mimi natoka na mifuko ya mkate, mitupu,
na mipira ya kufungia nywele.

Mmoja nafunga kwenye tawi la mlimau,
mmoja kwenye mkunazi,
mmoja kwenye mghafu uliojiotea nje ya ukuta.
Wa mwisho nauvika mshubiri kichwani, kofia.
Shangazi Shenuna yuko dirishani:
"Shule mmefunga, sasa unasomesha miti?"

Haijapita robo saa, mfuko wa mlimau una ukungu.
Kisha tone.
Kisha tone limelifuata tone,
limelibeba, yameshuka pamoja pembeni.

Chini ya jani kuna milango,
mamia na mamia mahali pa kutosha ukucha.
Jani huifungua ili lile hewa,
na kwa mlango huohuo maji hutoka,
hayaagi.
Ukifunga, utabaki na maji yako na njaa yako.
Nimeyasema haya darasani miaka kumi na mmoja,
wasichana wakayapigia mstari kwa wino mwekundu,
nami nikafuta ubao nikaenda kunywa chai.

Alasiri nafungua mifuko, napima kwa kijiko cha dawa.
Mlimau, vitatu.
Mkunazi, kimoja, tena cha kubembeleza.
Mghafu umenitoa jasho mimi: kijiko na nusu,
mti ambao hakuna mtu aliyewahi kuumwagia hata kikombe!
Mzizi wake umeshuka kusikofika ndoo,
unakunywa mvua ya watu waliokwisha kufa.
Mshubiri, mkavu.
Naugeuza mfuko, naupuliza. Mkavu.

Shangazi akayaonja ya mlimau kwa ncha ya ulimi.
"Hata uchachu hayana," akasema,
akayamwaga shinani, polepole,
kama anayerudisha deni la mtu.

Maana falaji imekonda.
Zamu yetu ilikuwa saa nzima, sasa nusu,
na hiyo nusu maji huja yakijivuta, na mchanga mdomoni.
Jumamosi Monirul akaja na mkasi
akakata majani ya mlimau, mabichi, yasiyo na kosa,
upande mzima.
Shangazi akamgombeza kwa Kiarabu,
kisha kwa Kiswahili, ambacho mchana
hukitoa akiwa ameghadhibika kwelikweli.
Monirul hakubishana. Akaonyesha mfereji,
akaonyesha mti,
akavikaribisha vidole viwili mpaka vikabaki na upenyo mdogo.
Maji hivi. Majani hivi.
Akaendelea kukata.

Baada ya Isha nikaufunga tena mshubiri.
Ua lilikuwa bado linatema joto la mchana,
nikamwagia sakafu, tukatandika jamvi.
Mchana ukimwuliza shangazi habari za Wete
atakujibu bei ya vitunguu.
Usiku ule sikumwuliza.
Nilikuwa nachambua mchele kwa mwanga wa simu
akaanza mwenyewe: nyumba ya bati jipya,
ufunguo alioachiwa mke wa fundi cherehani,
na kaka yake, yaani baba yangu,
aliyekuwa na miaka saba na hakutaka kuvaa viatu.
Akasimulia hadi mchele ukaisha chuya.
Nikaendelea kuchambua vilevile.

Alfajiri, kabla jua halijagusa ukuta,
nikauvua mshubiri mfuko wake.
Ndani kulikuwa na ukungu,
haba, wa kuandikia herufi moja kwa kidole.
Na shangazi alikuwa jikoni, mdomo umefungwa,
anapunguza moto wa chai.

Nikaandika daftarini: mshubiri, usiku, haupimiki kwa kijiko.
Mlimau, nywele nusu kichwa, umesimama.
Majani yaliyobaki hayajajikunja.
Zamu ya maji ni Jumatano, saa tisa usiku.
Monirul amesema ataamka yeye.
Shangazi amesema hapana, ataamka mwenyewe.