U ya Kabwemba

Tulikuwa watoto kumi na mmoja.
Mwalimu Ntahondi alituhesabu mara mbili,
kana kwamba mara ya pili ziwa lingetema wengine.
Kwa halaiki ya neno UHURU, alisema,
nahitaji watoto sitini,
au hamsini wanene.

Ilikuwa Kabwemba, Desemba ya tisini na mbili,
kisiwa cha kaya ishirini na tatu na choo kimoja cha matofali,
saa tatu kwa injini kutoka Kibirizi,
na kwa kasia, inategemea unapiga na nani.

Julai redio ilikuwa imesema: sasa vyama vingi.
Redio yenyewe ilikuwa moja,
ya Mama Mwavita, aliyeanika betri zake juani
pembeni ya dagaa, zipate nguvu.
Wanaume waliigeuza, wakaigonga mgongoni
kama mtoto aliyepaliwa,
nayo ikarudia lile lile:
vingi.

Balozi Feruzi alikuja uwanjani na koti.
Koti, kwa joto lile la kabla ya mvua!
Tulijua ndani kuna shati la kijani.
Hakulivua koti. Hakulifunga vifungo pia.
Upepo ukija tunaliona shati, ukiondoka hatulioni,
na yeye mwenyewe, nadhani sasa,
alikuwa anasubiri upepo uamue.

Bendera ya shule ilikuwa imepauka upande wa maji.
Mama Mwavita akaitia kiraka cha bluu,
kaptura ya mwanawe aliyeacha shule akaenda karabai.
Mfuko hakuufumua.
Ikapanda mlingotini hivyo hivyo,
bendera yenye mfuko,
na Gwimo akaninong'oneza:
humo ndimo serikali itaweka chenji yetu.

Mgeni rasmi hakufika.
Boti yake ilikata injini, tukaambiwa baadaye,
mbele kidogo tu ya Kibirizi,
akarudishwa kwa kamba, suti imelowa.
Sisi tulisubiri mpaka wali ukashika ukoko.

Basi Mwalimu akatoa hotuba ya mwaka jana,
iliyokuwa imekunjwa ndani ya atlasi.
Akaisoma yote.
Kila alipofika penye "chama chetu"
alisita, akakohoa, akaruka.
Tulivihesabu vikohozi: kumi na tisa.
Kwenye cha kumi na mbili
bibi mmoja aliinuka akampelekea tangawizi.

Halafu zamu yetu.
Watoto kumi na mmoja, herufi moja.
Watano huku, watano kule,
mimi chini peke yangu, penye kona,
nyayo zangu juu ya msafara wa siafu,
na amri ilikuwa: asitikisike mtu.

Watu wakatutazama.
U, akasema mtu.
U ya nini?
Ya Umoja, akasema Balozi, haraka.
Ya Ujamaa, akasema mzee wa nyavu, kama anayetaja marehemu.
Sumaili, aliyekuja juzi kutoka mjini na viatu vya ngozi,
akasema Upinzani,
lakini kwa sauti ya mtu anayeuliza bei.
Kimya.
Mbuzi akapita katikati yetu, akatokea juu, penye uwazi.
Ndipo Mama Mwavita akapiga ukelele kutoka jikoni:
U ya Ubwabwa! Unaungua!

Tukacheka, kisiwa kizima.
Balozi alicheka mpaka koti likamvuka bega,
akaliacha.

Leo ziwa limepanda.
Uwanja ule uko chini ya maji, kimo cha mtu na nusu,
mlingoti tunaufungia mitumbwi.
Nimepiga kura mara sita tangu siku ile,
mbili kwa furaha.
Kila ninapopanga foleni kituoni
nyayo zinaniwasha palepale.

Kwa maana nilimwuliza, nikiwa bado kwenye kona,
machozi ya siafu yakinitoka:
Mwalimu, ni U ya nini?
Alikuwa anaitazama mvua ikija kutoka ng'ambo, Kongo.
Akasema, wewe pinda vizuri.