Mkabala na Ukurasa wa 209

Nimekinunua kwa bei ya ndama dume,
Mtaa wa Rufiji, mnadani, vitu vya marehemu Jamnadas,
kati ya mizani yenye kutu na chemli mbili.
Mnadi alikipiga kofi kutoa vumbi.
Kofi! Kitu kinachomzidi babu yangu umri,
jalada la ngozi, kingo za dhahabu, picha thelathini na sita.
Thelathini na tano. Nilihesabu usiku.
Moja ilikatwa kwa wembe, ikabaki shashi yake tu,
chandarua juu ya kitanda kitupu.

Nyanzobe, mke wangu, husema:
wenzio wanafuga ng'ombe, wewe unafuga mende.
Kweli. Ziwa hupanda ngazi za Kirumba gizani
likaja kulala ndani ya kurasa.
Asubuhi nazianika kivulini, si juani kama dagaa,
nageuza, napuliza, narudisha vidonge vyeupe kabatini.

Mchoraji nadhani hakufika.
Mawe yetu kayachora kama mikate iliyokataa kuumuka,
mbele yake kapanda minazi. Minazi, Mwanza!
Kiboko wake ana meno ya mbwa.
Nacheka peke yangu mpaka mkabala na ukurasa wa 209,
hapo kicheko kinakatika.

Wapagazi kumi na mmoja, mizigo kichwani.
Chini yao maneno ya Kijerumani,
niliyoyafasiri kwa kamusi ya kuazima parokiani:
"Aina ya watu wa kusini mwa ziwa."
Aina.
Ila mkono wa mchoraji uliteleza kwa mmoja.
Wa nne kutoka kushoto amegeuka, anatazama nje ya picha,
shavu limevimba,
jino linamuuma.
Hilo halikubuniwa Ulaya. Hilo lilionwa na mtu,
hapa, mchana, na msafara haukusimama.

Bwana mmoja wa Nairobi anakitaka.
Kwenye simu alisema: usikigundishe, usikiandike,
hata nukta itashusha bei.
Nikamwambia sawa.

Jana umeme ulikatika.
Nikachonga penseli kwa kisu cha vitunguu,
nikaandika pambizoni, herufi za sisimizi:
"Wa nne. Jino. Jina lake:"
halafu nikaacha nafasi.

Nyanzobe alinishikia kurunzi.
Alimtazama yule mtu kwa muda mrefu, akasonya kidogo.
"Ana masikio ya kwenu," akasema,
akaenda jikoni kutafuta karafuu.