Mwanamisi Mwenye Saba

Naandika kwa kalamu, ya bluu ya kuazima,
Kwenu ninyi waadhamu, mnaotupima wema,
Huwashonea kaumu, Majengo, chumba cha nyuma,
Nina neno la muhimu, nisomeni hadi tama.

Nilikwenda kwenye benki, Digo Rodi, nikakaa,
Nikasema: ovaloki, kwa mkono nachakaa,
Karani akahakiki, kioo chake chang'aa:
"Mama, hapa haitoki. Jina lako lina baa."

Elfu tatu, mia tano, nilikula nikalala!
Nikajishika kiuno: "Sijakula hata hela!
Simu yangu ya maneno, haijui hizo mila."
Nyuma yangu mnong'ono: "Uso wa swala, na hila!"

Nikaitaka ripoti, ya bure, moja kwa mwaka,
Saibani, kwenye kiti, kijana akaisaka,
Kurasa nne za chati, motomoto zikatoka,
Nikazishika kwa dhati, kama cheti cha talaka.

Anwani wameandika, Likoni, na si Majengo,
Umri umepunguka, miaka saba — si hongo?
Kitambulisho, hakika, mwisho wake una pengo:
Saba paa limeng'oka, imebaki moja, gongo.

Mwanamisi wa Omari, yeye na mimi wajina,
Pwani tumo, si habari: kila Alhamisi, mwana.
Mashine haina ari, ya kuuliza kwa kina,
Ikatupika futari, chunguni tukabanana.

Benki: "Nenda kwa shirika." Shirika: "Rudi kwa benki."
Muziki waburudika, na salio halibaki,
"Kwetu unathaminika," yasema sauti ya chaki.
Danadana nimechoka, mpira wadai haki.

Jumapili, kwa kivuko, nikenda kumtafuta,
Nimepangia vituko, na matusi ya kuchota,
Nikamkuta na jiko, akiyachuja mafuta.
"Bajia," kasema, "ziko, za moto, bado zatota."

"Deni nimelipa kweli," akanionyesha simu,
Risiti zake ni mbili, tarehe zote timamu.
"Kisha, dada, kuna hili: nimekopeshwa kwa hamu,
Elfu sitini kamili; nikadhani: ukarimu!"

Kumbe mikopo ya jana, ya sako, niliyolipa,
Kwa muhogo wa mchana, na mwezi sikuuchupa,
Sifa zote amevuna, mie naachwa na mfupa!
Tukacheka, tukanuna, bajia kumi kanipa.

Basi naambatanisha, nakala za vyeti vyetu,
Naye dole ameshusha, pembeni, kwa wino wetu.
Neno moja latutosha: watenganisheni watu,
Saba mje kuivisha, paa, ihifadhi utu.

Ni ishirini na moja, siku, hivyo wanasema,
Nitachora moja moja, kwa chaki, mlango wa nyuma.
Si pesa ninazongoja, si huruma, si heshima:
Jina ndiyo nguo moja, n'loshonewa na mama.

Nami fundi hukosea, mkasi ukala shati,
Mteja akinijia, simwambii: "Ni bahati."
Hufumua, hurudia, hata usiku wa kati.
Nanyi fumueni pia, pindo hili la ripoti.

Na mwisho ninapofika, naongeza neno dogo:
Wema wangu mkishika, kumvua kama mzigo,
Sitini anazitwika, bajia zake ni ndogo,
Msimvue kwa haraka, asije akala pigo.

Wakatabahu, ni mimi, Mwanamisi mwenye saba,
Yule wa moja si mimi, japo ni wangu sahiba.
Msijibu kwa ulimi, andikeni, ndiyo tiba.
Mkichelewa, sikwami; na chaki haijashiba.