Mshale

Juzi ulipanda hadi mia na thelathini
tukikwea Shap, harufu ya oili ikatuingia
kama maandazi yaliyosahauliwa karaini.
Jumamosi nikafunga kipoza: mipira miwili, klipu nne,
vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Kendal.

Leo mshale umelala.
Sitini. Sitini na mbili.
Mlima mzima, sitini na nne.
Natazama geji zaidi ya barabara.
"Mbele kuna kondoo," asema Mwanaheri.

Yeye ni muuguzi, anawajua watu wa namna yangu,
wanaompima mtoto homa kila robo saa
hata akiwa amepona, amelala fofofo.
"Landrova haina neno. Mgonjwa ni wewe."

Lakini oili baridi nayo haifai;
hubaki nzito, huficha maji tumboni.
Naegesha kando, nakata boksi la ndizi,
naziba nusu ya uso wa kipoza.
Mimi niliyelipa pauni tisini kulifukuza joto
sasa nalibembeleza lirudi.

Sabini na moja.
Sabini na tano.
Mwanaheri kimya, anakunja glavu mapajani.
Kisha anainama, anachungulia:
"Ngapi sasa?"