Tundu la Kutokea

Moshi, hatua chache kutoka mnara wa saa,
Bwana Kirpal amesimamisha risasi tatu juu ya gazeti la jana
kama meno ya utotoni yaliyokataa kutupwa juu ya paa.
"Chagua. Kibali chako ni cha bunduki moja."

Ya kwanza naijua. Ishirini na mbili:
fupi, butu, kichwa laini hata ukucha unaacha alama.
Ndiyo iliyonifundisha kushika pumzi, darasa la sita,
kopo la maziwa ya unga juu ya tofali,
Baba akihesabu Kichagga nyuma ya sikio langu.
Mita hamsini inakwenda kama karani anayeijua njia ya ofisini.
Mia, inachoka,
inashuka karibu shibiri nzima,
nawe lazima umwombee radhi kwa kulenga juu.

Ya pili ni magnamu, ndefu, ina kifua.
"Hiyo ya bweha," anasema Kirpal,
na kwetu Kahe bweha hatuna ugomvi naye.

Ya tatu, kumi na saba.
Shingo imebanwa, ncha nyekundu
kama kucha ya bibi harusi.
Inapita imenyooka, uzi wa fundi mwashi;
bei yake, kwa moja, ningepata za kwanza nne
na chenji ya maandazi.

Zote ndugu, zote moto wao umefichwa ukingoni mwa kitako,
si katikati. Pini hugonga pembeni
kama jirani anayekuja kukopa chumvi.

Natamani ile nyekundu. Niseme kweli.
Kwenye karatasi, mashindano ya Pasaka, niliiona
mikononi mwa binamu yangu Aminieli:
matundu matano, shilingi mia ingeyafunika yote.
Mimi yangu yalitawanyika kama kuku waliosikia mwewe.
Nikasema upepo.
Upepo ulituvumia wote.

Lakini Aminieli huyo huyo alikuja shambani Agosti,
kanga wakiwa wamefukua mahindi mstari kwa mstari.
Mlio ulipasuka kama mjeledi,
kundi lote likahamia ng'ambo ya mfereji,
akabaki mmoja, akapelekwa jikoni.
Mama akamnyonyoa. Akanyamaza. Akatoa kipande cha mfupa,
kingine, kingine, akavipanga kwenye mfuniko wa sufuria.
"Huyu mlimpiga," akauliza, "au mlimkanyaga na trekta?"

Kama ni kuwafukuza tu, debe na fimbo vingetosha.

Kirpal anafuta miwani. Hana haraka, ila anakaribia kufunga.
Nampigia Mama.
Nyuma yake nasikia mchi, na redio ikisoma bei za vitunguu.
"Chukua yenye tundu dogo."
"Mama, hii ya bei ndiyo yenye tundu dogo kuliko zote."
"Dogo la kuingilia," anasema, "au la kutokea?"

Mchi ukaendelea.
Kirpal, ambaye simu yangu inapiga kelele kiasi cha kumsikilizisha,
akazifagia zile mbili kwa kiganja, zikaingia kwenye droo.
Hakucheka. Aliandika risiti.

Jumapili, kopo, tofali lile lile lililomeguka pembe.
Risasi ya kwanza: nzuri. Ya pili: nzuri, kidogo kushoto.
Ya tatu, *tik*.
Kimya.
Nikangoja hadi thelathini, mdomo wa bunduki ukilitazama kopo,
nikaitoa, nikaigeuza nusu duara kama nilivyofunzwa,
upande ambao pini haijaugusa,
nikairudisha.

Sikujua, wakati nakibana kitako begani,
kwamba nilikuwa bado nahesabu,
wala kwa lugha gani.

Kopo likaruka.