Taa Mbovu

Bi Osla Inkster alivuka kwa feri kutoka kisiwa cha Yell,
mvua ya Shetland ikimsindikiza hadi mlangoni pangu,
akatua juu ya kaunta mkebe wa biskuti:
pauni mia tisa na sitini, noti zimekunjwa kama barua,
akiba ya miaka mitatu ya kupeleka barua.
“Kamera ya video,” akasema. “Ya fisi-maji.”

Nikaanza na ile mpya, muuzaji ni muuzaji.
Nikaisifu: picha kali, unaweza kuhesabu manyoya.
Akaishika, akainama, akanyata hatua sita
baina ya rafu, goti likalia ko!
“Mimi hulala juu ya mwani saa tatu nzima
kungoja kichwa kimoja. Hii itanivunja shingo.”

Nikampa ndogo, nyepesi, lenzi ya kuvuta mbali.
Akaiwasha. Piii!
Akanitazama kama niliyepiga mluzi matangani.
“Yule mama ana watoto wawili. Akisikia hiyo
atafika Norwe kabla sijafumba jicho.”
Nikaizima sauti. Akaiwasha tena. Kimya.
Lakini mbele, chini ya lenzi,
nukta nyekundu, ndogo kama mbegu ya pilipili, ikawaka.
“Na hii je?”
Hiyo, nikakiri, haizimiki.

Akauliza yasiyomo katika kijitabu:
betri hufa lini, kabla ya vidole au baada?
Upepo nao, utasema peke yake, kama mlevi mkutanoni?
Chumvi ikiingia hapa, hutokea wapi?
Mengine niliyajua. Mengine nilikohoa.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza;
lakini kulikuwa na moja, rafu ya nyuma,
miezi kumi na minne haijiuzi wala haijitembezi.
Ilianguka ngazini kwenye harusi ya watu,
ubavu una mikwaruzo, mfuniko umefungwa kwa utepe,
na karatasi kwa mwandiko wangu: TAA MBOVU.

Akaisoma mara mbili.
“Haiwaki kabisa?”
“Kabisa.”
“Hata kidogo?”
Nikadhani ananung’unika, nikashusha bei.
“Pandisha,” akasema, akihesabu noti. “Pandisha, mjinga wewe.”

Mwezi wa tatu ikaja bahasha, ndani kadi ya kumbukumbu.
Dakika arobaini. Mwani. Mwani.
Pumzi ya Bi Osla. Yule mlevi, upepo.
Dakika ya thelathini na moja maji yanapasuka:
mama, kaa mdomoni, anatafuna kwa kelele
kama mtu aliye nyumbani kwake.
Kisha mtoto mmoja anapanda mwambani,
anakuja, anakuja, ananusa lenzi,
na skrini nzima ni sharubu, halafu pua,
halafu mvuke tu.

Niliirudia mara tano, wateja wakisubiri.

Ile mpya bado ninayo.
Nzuri sana. Unaweza kuhesabu manyoya.