Kwanza, Unazimaje?

Magunia kumi na moja ya alizeti niliyaacha Kibaigwa,
nikaja Dodoma na fedha ndani ya soksi,
laki sita na themanini,
na harufu ya mguu.

Barabara ya Saba kijana ananiita bosi
kabla hajaviona viatu vyangu.
Anashusha rafuni msumeno wa njano
unaong'aa kama jino la bwana harusi.
"Laki mbili na nusu, na tupa nakupa bure."

Namjua huyu. Si kijana, msumeno.
Ndugu yake nilimnunua mwaka wa mvua kubwa,
akaimba miezi mitatu,
wa nne akaanza kukohoa,
wa tano akanifia kule Chenene
katikati ya shina la mkalitusi,
meno ndani, mwili nje,
na mti umeshakatwa nusu
unalia kr, kr, katika upepo wa saa tisa.

Asiyekata miti hajui:
uliosimama hauna neno, ulioanguka hauna neno.
Ni huu wa katikati unaomaliza watu.
Tulikaa mbali nao, mimi na Chilewa,
tukatafuna karanga, tukaungoja uamue.
Uliamua usiku. Tuliusikia tukiwa kambini.

Kijana anavuta kamba, unawaka mara moja,
duka zima linajaa moshi wa buluu.
"Umeona?"
Nimeona. Kuwaka, hata kiberiti kinawaka.
Unazimaje?
Breki ya mnyororo iko wapi?
Na plagi ikifa Jumanne, mimi nipo Haneti,
naipata kwa nani?
Anaugeuzageuza. Anamwita mtu nyuma ya pazia.
Mtu wa nyuma ya pazia hatoki.

Rahisi huvunja upishi,
Sechelela aliniambia asubuhi ile,
ingawa upishi alioutaja ulikuwa wa kweli:
jiko letu halina paa,
na alizeti ile aliipalilia yeye.

Nyuma ya soko la Majengo yuko fundi Mwaja,
skrubu zake zimo kwenye kopo la maziwa ya mtoto.
Mbukwenyi, mbukwa, habari za nyumbani.
Anafunua turubai: wa rangi ya chungwa,
chungwa lililokaa juani wiki mbili.
"Sikudanganyi kwamba ni mpya.
Pistoni nimebadilisha mimi, pete nimebadilisha mimi,
klachi itakudai mwakani.
Ushike. Nenda nao mpaka kwa muuza dagaa, urudi."

Nikaenda. Watu wa dagaa wakanipisha.
Niliporudi kifundo cha mkono kinacheza kidogo.
"Huo ndio uzito wake wa saa mbili asubuhi.
Wa saa kumi jioni utaujua mwenyewe."

Ulivutwa mara nne ndipo ukawaka.
Mara nne, sitamficha mtu.
Lakini niliposukuma kinga kwa kiganja
mnyororo uliganda palepale
kama mtoto aliyeitwa na mama yake
kwa majina yake yote matatu.

Laki sita na ishirini, plagi mbili juu yake,
na somo la kuchanganya oili ambalo sikuliomba:
"Lita moja ya petroli, vifuniko viwili vya chupa hii.
Si vitatu. Wanaume mnapenda vitatu."

Chenji ikanunua nauli, na bati.
Moja.
Sechelela akalitazama, akanitazama,
"Sasa nikisimama hapa, sufuria ikae wapi?"

Jumatatu, kibali mfukoni kimegongwa muhuri,
tulifungua mstari wa kwanza wa mikalitusi ya kijiji.
Vumbi la mbao kwenye nyusi, mikono inawasha.
Saa kumi jioni niliujua uzito.
Nikabonyeza swichi.

Ukazima.
Nikasikia ndege mmoja, kisha wengine,
kisha Chilewa, mbali kidogo,
akitafuna karanga.